Vidhibiti joto vya bei nafuu: Faida ya mpakani iko wapi?

MFANYABIASHARA wa Tunduma anayetafuta bidhaa nyepesi, isiyooza na isiyohitaji ghala kubwa ana sababu ya kukitazama vizuri kibao kimoja cha sakiti, kinachokaribia ukubwa wa kiberiti, ambacho viwanda vya China hukiuza kwa dola moja hadi mbili za Marekani. Kazi yake ni kupima joto na kuwasha au kuzima hita, taa, feni au friji bila mtu kukesha. Vibao mia moja huingia kwenye boksi moja la kubebwa mkononi.

Kwamba kibao hicho kinafanya kazi halina ubishi. Linalomhusu mwenye mtaji mdogo ni nani atakayepata faida, na nani atakayebaki na mzigo wa lawama siku mayai ya mteja yatakapoharibika.

Mkoa wenye baridi na joto

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, una hali mbili za hewa ndani ya mipaka yake. Nyanda za juu za Mbozi na Ileje hupata usiku wa baridi kati ya Juni na Agosti, na Tunduma nayo haiepuki baridi hiyo. Ukishuka kwenye bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Kamsamba wilayani Momba, joto ndilo linalosumbua. Kwa hiyo mahitaji ya kupasha joto na ya kupoza yapo ndani ya mkoa mmoja, na kibao kilekile huhudumia pande zote mbili.

Hata hivyo, anayetafuta wateja asianzie sebuleni. Nyumba za ukanda huu hazijengwi na mitambo ya kupasha joto vyumba kama ilivyo Ulaya. Jiko la mkaa ndilo hita ya wengi, na jiko halina swichi. Wateja wa kweli wapo kwenye mambo matatu: mashine za kutotolesha vifaranga, mabanda ya kulelea vifaranga, na friji za maduka ya vinywaji na maziwa.

Kompyuta ndani ya chipu moja

Kitu kinachofanya kazi ndani ya kibao hicho huitwa maikrokontrola. Ni kompyuta kamili, ndogo kuliko ukucha, iliyowekwa ndani ya chipu moja pamoja na kumbukumbu yake. Texas Instruments ya Marekani ilianza kuuza chipu ya namna hiyo, TMS1000, mwaka 1974. Intel ikafuata na 8048 mwaka 1976. Kwa muda mrefu chipu hizo zilikuwa mali ya viwanda vikubwa vilivyotengeneza kalkuleta, televisheni na mashine za kufulia.

Mambo yalibadilika mwaka 2005, kikundi cha walimu na wahandisi katika mji wa Ivrea, Italia, kilipotoa kibao cha Arduino ambacho mwanafunzi aliweza kukiandikia programu kwa kompyuta ya kawaida. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ikaleta ESP8266, chipu ya bei ndogo yenye Wi-Fi ndani yake. Baada ya hapo bei ziliporomoka. Mwaka 2022 kampuni ya WCH ya China ilitoa chipu ya CH32V003 kwa bei ya takriban senti 10 za Marekani, na zipo chipu za kampuni ya Padauk ya Taiwan zilizojulikana kwa bei ya senti tatu.

Bei hizo zina fundisho kwa mwekezaji. Chipu yenyewe imekuwa rahisi kiasi kwamba hakuna faida ya maana katika kuiuza peke yake. Aidha, bei haikushuka moja kwa moja bila kurudi nyuma. Katika uhaba wa chipu ulioikumba dunia mwaka 2021, chipu nyingi za kawaida zilipanda bei mara kadhaa na nyingine zikakosekana kabisa. Anayejenga biashara juu ya aina moja tu ya chipu ajue kwamba hali hiyo inaweza kurudi.

Kibao kinachozungumziwa zaidi

Kwa fundi wa kawaida kibao kinachofahamika zaidi ni W1209. Kinatumia umeme wa volti 12 za betri, kina kihisi joto chenye waya, namba za kusomea, vitufe vitatu, na rilei moja inayowasha na kuzima kifaa. Hakihitaji kuandikiwa programu, kwani programu imeshawekwa kiwandani. Mtumiaji huchagua joto analotaka, kisha huingia kwenye orodha ya mipangilio iliyopewa namba P0 hadi P6.

Hapo ndipo hasara nyingi huanzia. P0 huamua kama kibao kinapoza au kinapasha joto, na kwa kawaida hutoka kiwandani kikiwa kwenye herufi C, yaani kupoza. Mfugaji akikifunga kwenye mashine ya mayai bila kubadili kwenda H, hita haitawaka joto likiwa chini. Balaa kubwa ni kwamba joto likishapita kiwango kwa sababu yoyote, hita ndiyo itawaka.

P1 ni nafasi kati ya kuwasha na kuzima. Huja ikiwa nyuzi 2, ambazo zinatosha kwa friji lakini ni nyingi mno kwa mayai. Mashine ya mayai inataka nafasi ya nyuzi 0.2 au 0.3. P4 ni ya kusahihisha kihisi kinachosoma juu au chini, na P5 ni ya kuchelewesha kuwasha kwa dakika hadi 10.

Duka linalouza kibao kwenye mfuko wa plastiki bila maelezo ya Kiswahili ya mipangilio hiyo linauza lawama. Karatasi moja ya maelezo, iliyopigwa chapa kwa gharama ndogo, inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya muuzaji anayerudiwa na wateja na yule anayekimbiwa.

Mayai hayasamehi

Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. Mashine yenye feni hushikilia joto la takriban nyuzi 37.5 hadi 37.8 za Sentigredi, na unyevu wa asilimia 50 hadi 60 katika siku 18 za mwanzo, kisha unyevu huongezwa katika siku tatu za mwisho. Joto likipita nyuzi 39 kwa saa nyingi, vifaranga huanza kufia ndani ya yai. Kushuka kwa joto kwa muda mfupi kuna nafuu. Mashine iliyofungwa vizuri huweza kuvumilia umeme kukatika kwa saa moja hivi iwapo mlango hautafunguliwa.

Ichukuliwe mashine ya mayai 88, na yai la kutotolesha likadiriwe kuwa shilingi 1,000. Mzigo ndani ya mashine ni shilingi 88,000, kabla ya kuhesabu siku 21 za umeme na wateja walioweka oda. Kibao kinachoongoza mzigo huo ni cha shilingi elfu chache. Kwa hiyo mfugaji anayebishania bei ya kibao kwa shilingi 500 anaokoa senti kwenye kitu kinacholinda mali yake yote.

Ubora wa kihisi nao una bei yake. Kihisi cha DHT11, kinachopendwa kwa urahisi wake, kinaweza kukosea joto kwa nyuzi 2 juu au chini, kwa hiyo hakifai kuongoza mayai. DHT22 na DS18B20 hukosea kwa takriban nusu nyuzi, ingawa DS18B20 za kughushi zimejaa sokoni. Fundi mwangalifu hutumia kipimajoto cha homa cha hospitali kulinganisha, kwa kuwa kipimajoto hicho kimetengenezwa kuwa sahihi palepale kwenye nyuzi 37 na 38, ambapo mayai yanahitaji.

Hatari ya pili ni rilei kuganda. Vyuma vya rilei vinavyogusana huweza kushikana kwa cheche, na hapo hita hubaki imewaka hata kibao kikisema zima. Dawa yake ni kuweka themostati ya pili ya kawaida, isiyotegemea chipu, inayokata umeme joto likipita kiwango kidogo. Fyuzi ya joto hufanya kazi hiyohiyo na ina bei ndogo. Mashine isiyo na kinga ya pili isiuzwe kwa jina la kisasa.

Hesabu ya umeme wa banda

Kwenye banda la kulelea, vifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha joto hupunguzwa nyuzi 2 hadi 3 kila wiki. Wafugaji wengi hutumia jiko la mkaa au taa za kutoa joto. Mkaa kwenye banda lililofungwa kuzuia baridi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua vifaranga na mlezi wao pia. Nazo taa za LED za siku hizi hazifai kwa kazi hii, kwa sababu hutoa mwanga mwingi na joto dogo. Zinahitajika taa za kupasha joto au hita za kauri.

Ichukuliwe banda lenye taa nne za wati 100 zinazowaka mchana na usiku. Kwa siku moja hutumia uniti 9.6, na kwa siku 14 uniti 134.4. Kwa bei ya msingi ya kundi la T1 iliyopangwa na EWURA mwaka 2016, yaani shilingi 292 kwa uniti kabla ya VAT na tozo, gharama ni shilingi 39,245. Kidhibiti kikizima taa nusu ya muda, kwa sababu mchana jua hupasha banda, matumizi yatakuwa uniti 67.2 na gharama shilingi 19,622. Kidhibiti cha kawaida hurudisha bei yake ndani ya kundi moja au mawili ya vifaranga.

Kwa mteja mdogo wa kundi la D1 hesabu ina ukali zaidi. Bei ya shilingi 100 kwa uniti ilipangwa kwa anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ilipangiwa shilingi 350. Banda la uniti 134.4 humvusha mfugaji mpaka huo peke yake, kabla hajawasha hata taa ya sebuleni. Banda la uniti 67.2 humwachia uniti chache tu za nyumba, lakini angalau linampa nafasi ya kuhesabu.

Friji na friza

Upande wa kupoza, mteja ni mwenye duka la soda na maji, au muuza maziwa. Njia moja inayofahamika ni kugeuza friza ya kulala kuwa friji. Kihisi huingizwa ndani, na kibao hukata umeme ikifika nyuzi 3 au 4 badala ya kuiacha igandishe hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Friza hufunguliwa kwa juu, na hewa ya baridi, ambayo ni nzito, haimwagiki kila mteja anapochukua soda. Umeme unaotumika hupungua kwa kiasi kikubwa.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, kompresa ikizimwa haitakiwi kuwashwa tena papo hapo. Inahitaji dakika tatu hadi tano ili msukumo wa gesi ndani ya mabomba usawazike, na ndiyo maana P5 lazima iwekwe. Umeme unaokatika na kurudi mara kwa mara huua kompresa kwa njia hiyohiyo. Pili, kompresa inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida. Rilei ndogo ya kibao itadumu zaidi ikitumika kuwasha swichi kubwa ya kontakta, na kontakta ndiyo ibebe kompresa.

Hita za bafuni zinazopasha maji papo hapo ziachwe kabisa. Hita ya wati 5,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 22, wakati rilei ya kibao imeandikwa ampea 10 tu na njia zake za shaba ni nyembamba. Kuifunga hapo ni kutafuta moto wa nyumba. Kwa kulinganisha, taa za wati 200 kwenye mashine ya mayai huvuta chini ya ampea moja.

Gharama ya kuingiza mzigo

Ichukuliwe mfanyabiashara anayeagiza vibao 100 kwa dola 1.50 kila kimoja, yaani dola 150, na usafiri pamoja na bima ukamgharimu dola 50. Thamani ya forodha ni dola 200. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35, na ngazi huamuliwa na namba ya forodha ambayo bidhaa imepewa. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 18.

Bidhaa ikiangukia asilimia 0, VAT ni dola 36 na kila kibao husimama kwa dola 2.36. Ikiangukia asilimia 10, kodi zote mbili hufika dola 59.60 na kibao husimama kwa takriban dola 2.60. Kwa asilimia 25 kodi ni dola 95, na kibao ni dola 2.95. Hapo bado hazijaingia tozo nyingine, wakala wa forodha, wala nauli ya kutoka Dar es Salaam hadi mpakani, safari ya zaidi ya kilomita 900. Vibao 10 vikitoka vibovu katika hesabu hiyo ya mwisho, 90 vilivyobaki hubeba gharama ya dola 3.28 kila kimoja.

Kwa hiyo bei ya kiwandani ya dola moja na nusu huwa imezidi maradufu kabla mteja wa kwanza hajafika dukani. Anayepanga kushindana kwa bei ya kibao kitupu atapambana na kila kijana mwenye simu anayeweza kuagiza kutoka China mwenyewe.

Zambia na kanuni za mpaka

Nakonde ipo ng'ambo ya barabara, na Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa Oktoba 2019. Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa Februari 2024, maji ya Kariba yakapungua, na mgao wa umeme ukawa mkali mwaka huo. Hali kama hiyo huwasukuma watu kununua sola na betri. Kibao cha volti 12 kina ubora wake hapo, kwa kuwa hufungwa kwenye betri moja kwa moja.

Lakini mfanyabiashara asidanganyike kuhusu ushuru. Nafuu ya biashara huria ya SADC ni ya bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kibao cha China hakipati asili ya Tanzania kwa kupita Tunduma tu. Utaratibu rahisi wa wachuuzi wa mpakani ulioanzishwa chini ya COMESA nao haumhusu Mtanzania, kwani Tanzania ilijitoa katika umoja huo mwaka 2000. Aidha, kanuni za Tanzania za mwaka 2025 zinakataza kupanga au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa zinazouzwa nchini. Bei ya dukani Tunduma iandikwe kwa shilingi.

Kuna na suala la viwango. Vifaa vya umeme vipo chini ya macho ya Shirika la Viwango (TBS). Vifaa vyenye mawasiliano ya redio, zikiwemo chipu za Wi-Fi kama ESP8266, huhitaji pia idhini ya TCRA. Mwenye mtaji mdogo anayetaka kuanza bila matatizo aanze na vibao visivyo na Wi-Fi. Kuongoza friji kwa simu kunapendeza kwenye matangazo, lakini muuza maziwa wa Vwawa anahitaji maziwa yasichache.

Faida ipo kwenye boksi

Mahesabu yote yanaelekea mahali pamoja. Fedha ipo kwa atakayeuza boksi lililokamilika: kibao kilichokwisha kupangwa, kihisi kilicholinganishwa, adapta ya volti 12, fyuzi, themostati ya pili, kasha lisilopitisha umeme, karatasi ya Kiswahili, na ahadi ya kubadilisha kikiharibika ndani ya miezi kadhaa. Mafundi redio wenye mkono mzuri wa kulehemu waya hawakosekani. Mbeya, mji wa jirani, ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), na vyuo vya VETA hufundisha umeme. Mjasiriamali anayetengeneza mashine anaweza kuanzia SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, ili kupata njia ya kwenda TBS.

Kwa mwenye mtaji wa kujaribu, hatua ya busara ni kuagiza vibao 20, kufunga mashine tatu au nne kwa wafugaji wanaofahamika, na kufuatilia kundi mbili kamili za siku 21 kabla ya kuagiza boksi kubwa. Kazi hiyo ikianza Machi, matokeo yatakuwa mkononi kabla ya baridi ya Juni, wakati ambapo wakulima wa kahawa wa Mbozi nao wapo kwenye mavuno na fedha huanza kuzunguka.

Mambo ya kufuatilia ni bei ya dola, kodi za bajeti ya kila Juni, hali ya umeme pande zote mbili za mpaka, na njia kubwa ya umeme ya kilovolti 400 ya kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga. Umeme ukitulia, friji zitauzika zaidi. Umeme ukiyumba, betri na vibao vya volti 12 ndivyo vitakavyotafutwa. Mwenye boksi lililofungwa vizuri atauza katika hali zote mbili. Mwenye mfuko wa vibao vitupu atategemea mteja ambaye hajaumwa bado.